Kibanda cha Tramu Hakirithiwi

Kaeni karibu, wanangu, mnisikie. Yasser, zima hiyo simu. Saadia, niinulie mto, kisha uache kulia. Nimeikataa hospitali ya Maplewood kwa sababu maneno haya nataka kuyasemea hapa Columbia Heights, nyumbani kwangu, na jirani yetu Goretti nimemwita mimi mwenyewe, asiulizwe na mtu anafanya nini humu chumbani.

Nyumba ni yenu, mgawane kama sheria ya Mungu ilivyosema. Lakini kile kibanda cha mbao kule mbele, kwenye kituo cha basi, kitoeni katika hesabu zenu. Nilikitoa wakfu nikiwa mzima, nimesimama kwa miguu yangu mbele ya mashahidi. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu.

Najua mlivyopanga. Wewe Yasser unataka kukivunja upate pakingi ya wapangaji. Wewe Saadia umezungumza na wale wazee wa chama cha historia, wakitie vioo na kufuli, watu wakitazame kwa nje. Mmoja anakiua, mwingine anakizika kwa heshima. Wote wawili nawaambia hapana.

Mjue kilikotoka. Zama za farasi, kabla ya umeme, tramu ya mvuke, gari la abiria la reli za barabarani, ilipita hapa ikitoka Minneapolis kwenda miji ya jirani, na kibanda kilijengwa ili wafanyakazi wa viwanda vya unga wasigande wakiingoja. Bibi Dinah ndiye aliyetuuzia nyumba hii, na babu yake ndiye aliyekuwa akiichochea makaa. Dinah alinihadithia kwamba injini waliivika mbao na madirisha ifanane na behewa la abiria, eti farasi wasishtuke. Farasi wakashtuka vilevile, kwani walikuwa na masikio. Nilicheka, halafu nikajicheka mwenyewe, kwa sababu nami kazini nilikuwa najiita Ben ili Wazungu wasishtuke. Kesho yake nikarudi kuwa Bashir, na wa kushtuka ashtuke.

Umeme ukaja, kampuni ikafa, reli zikang'olewa zikauzwa kama chuma chakavu, na Dinah akakijaza kibanda makoleo ya theluji. Baridi yangu ya kwanza nchini humu, basi limenipita, masikio yamekufa ganzi, mama yule akatoka na nguo za kulalia, akayatupa makoleo nje, akaniambia ingia. Hakuniuliza dini wala karatasi. Ndiyo maana nikakitia hita na taa, na ndiyo maana mlango wake sijaufunga tangu kiwe changu. Majirani walinishtaki kwamba nalaza walevi. Nikawajibu kwamba mlevi naye huganda. Wakanitisha kwa faini, nami nikarudi nyumbani nikaongeza benchi.

Maji, Saadia. Basi, yatosha.

Msimamizi wa wakfu ni Goretti. Tulia, Yasser, sijamaliza. Najua kwamba ni Mkristo, si ndugu, na alitoka Kongo juzi tu. Sheikh naye amenuna, nikamwambia akangoje basi mle asubuhi moja ya Januari, ndipo tuzungumze. Nyinyi mna magari. Goretti hungoja mle kila alfajiri na wenzake wa zamu, na hita ikizima yeye ndiye atakayejua. Bili ya umeme mtailipa nyinyi, na asiwaombe mara mbili.

Sogea, Mama Goretti, sauti inaniishia. Umekubali? Sema kwa nguvu, wasije wakadai niliota.

Haya. Amesema, "Nimekubali, papa," ndivyo kwao wamwitavyo baba. Mmemsikia nyote.

Radhi zangu mnazo, wanangu, zote, hata wewe uliyenuna. Mungu awape riziki ya halali na awapatanishe mnapogombana. Nizikeni upesi, hapahapa, msingoje jamaa wa Mombasa.

Saadia... lile kufuli umekwisha kulinunua. Limo mkobani mwako, nimelisikia likigonga funguo. Lilete. Liweke hapa, kiganjani... nikunjieni vidole. Haya. Anayelitaka... aje aninyang'anye.