Kufuli Langu Lilivyovunja Korosho

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu! Leo sikusimama kusema nilivyoponywa malaria. Nimesimama kusema Mungu alivyonitoa pepo la kushuku watu, na mnaonifahamu pale Magomeni mnajua lilikuwa limehamia kabisa na virago vyake.

Mume wangu, baba Neema, alipostaafu bandarini tulifungua karakana ndogo ya kubangua korosho nyuma ya nyumba. Tulianza na akina mama kumi na wawili. Korosho inapigwa mvuke, inaanikwa mpaka asubuhi ipoe na ikauke, ndipo inabanguliwa. Ikitoka nzima ni mali. Ikitoka vipande, umepata hasara. Na mimi mtu wa Njombe nilikuta desturi huku pwani ya kusini: vile vipande vidogo akina mama wanagawana jioni, wanapelekea watoto. Nikaikubali, lakini moyoni ilinikereketa.

Nikaanza kuona mambo. Wakicheka, nasema wananicheka mimi. Wakinyamaza, nasema wanapanga. Korosho zilikuwa zinaanikwa uani juu ya turubai, nikasema hapana, hapa napunguziwa! Nikaamuru zikitoka kwenye mvuke zitiwe kwenye magunia zikiwa bado za moto, ziingie stoo, nipige kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni. Hata kuoga naoga nao, jamani.

Ndugu zangu, baada ya hapo vipande vikazidi. Mimi na akili yangu nikasema, ahaa! Wanavunja makusudi ili wapate vya kubeba. Nikafuta ile desturi. Vikazidi tena. Sasa mtu mwenye akili timamu angejiuliza, wanavunja ili iweje na hawapewi? Mimi nikasema wananikomoa. Nikawa nawakagua mikoba mlangoni, nawafungulisha hadi mafundo ya khanga, akina mama wazima wenye wajukuu. Mungu anisamehe.

Mnunuzi wetu akapiga simu. Akasema mzigo ujao ukiwa wa vipande tena, asitafutwe. Huyo ndiye mnunuzi pekee tuliyekuwa naye. Akiondoka, karakana inafungwa, na wale akina mama wote wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo nikatafuta mchawi. Nikampata Bi Somoe, mama mmoja mwenyeji wa Nanyamba, mbanguaji hodari kuliko wote. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa amenifuata mara mbili kuniambia korosho zirudi uani. Nikajua tu, huyu ndiye anayezitaka ziwe nje! Nikamfukuza mbele ya wenzake, nikamwita mwizi.

Hakupiga kelele. Alifunga khanga yake, akasema, "Mama Neema, ningekuwa mwizi ningeiba nzima. Nani anaiba vipande?"

Kesho yake nikakaa mwenyewe kwenye mashine yake ya kubangulia, niwaonyeshe wale wengine kwamba korosho haivunjiki bila nia mbaya. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ganda lilikuwa na unyevu, linanata, linang'ang'ania kokwa. Nikavunja nusu ndoo, ndugu zangu, mimi mwenyewe mwenye mali! Na hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Nikauliza, sasa shida ni nini? Mama mmoja akaniambia polepole kwamba korosho ikifungiwa na joto lake inatoa jasho, na korosho yenye jasho haibanguliki. Akaongeza, "Ndilo alilokuwa anakwambia Bi Somoe, Mama." Nikalia pale pale: Bwana, mwizi ni mimi!

Nikapanda gari hadi kwao Nanyamba. Bi Somoe alinikaribisha mkekani, akanisikiliza, hakunirahisishia. Akasema, "Nitarudi. Ila jioni wa kwanza kukaguliwa ni wewe."

Nikakubali. Korosho zikarudi uani, vipande vikapungua, na vile vichache vikarudi kwa wenyewe wavipeleke kwa watoto. Mzigo ukaenda, mnunuzi akaomba mwingine. Na kila jioni nasimama mlangoni, nafungua mkoba wangu mbele ya wote. Aibu, ndugu zangu! Jioni ya nne Bi Somoe hata hakutazama ndani. Akasema, "Funga, Mama. Mimi nakuamini."

Nikajaribu kukumbuka ni lini mimi nimemwambia mtu neno hilo. Mfanyakazi? Jirani? Hata baba Neema, miaka yote hiyo? Sikukumbuka. Nikamwambia Bi Somoe palepale kwamba nami namwamini, na machozi yananitoka, na nilipoingia ndani nikamwambia na mume wangu, akadhani naumwa.

Asante Yesu! Na wewe uliyekaa hapo na ufunguo wako moyoni, njoo mbele leo Bwana akufungue. Halafu ukitoka hapa nenda kwa yule unayemshuku, kamwambie unamwamini kabla hajafunga virago.