Klachi 2,317 za Fundi Shimba, na Ile Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Fundi Shimba Machibya anavua ovaroli baada ya kuitumikia Karakana ya Ushirika, hapa Mabatini, kwa miaka 33, miezi 11 na siku 27. Mwenyewe anasema miaka 34. Tangu tumfahamu hukaza kila nati mzunguko mmoja zaidi, na hesabu ya miaka nayo haikupona.

Alipita getini Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1992 akitokea Misungwi, mkononi ana spana mbili na barua ya katekista iliyosema kijana huyu hanywi. Barua ilikuwa kweli kwa tarehe iliyoandikwa. Alianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli, na kufikia mwaka wa tatu hakuna gari lililoguswa klachi hapa bila yeye kuitwa.

Sababu ni mguu wake. Mafundi wengine husikiliza klachi kwa sikio. Fundi Shimba huvua kiatu cha kushoto, huingia garini, hukanyaga pedali kwa unyayo mtupu na kufumba macho kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akifumbua anakwambia: beringi inalia, au presha imelegea, au pleti imebaki nyembamba kama dagaa. Tukishusha giaboksi tunakuta ni hivyo hivyo. Kwa utaratibu huo viatu vyake vya kulia huisha mapema kuliko vya kushoto. Stoo inahifadhi viatu vitatu vya kushoto, vizima kabisa. Tunaomba avichukue leo.

Mteja aliyekuja kutaka abadilishiwe pleti peke yake alipewa swali moja tu: “Wewe ulipooa, ulichukua mtu au ulichukua ukoo?” Kwa Fundi Shimba klachi ni ukoo. Ukibadilisha pleti, badilisha na presha inayoibana, na beringi inayoisukuma hiyo presha, kagua sili ya nyuma ya injini isije ikaitemea mafuta pleti mpya, halafu flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo pleti hulishika, lipelekwe likachongwe uso. Wateja walinuna. Wengi wao walirudi, lakini walirudi na soda.

Magari ya turbo yalipoanza kuingia Mwanza, yale yanayounguruma Kirumba ukayasikia ukiwa Igogo, mafundi wengi waliyakimbia. Yeye aliyapenda. Alisema gari la namna ile lina nguvu za fahali, na klachi ndiyo kamba: ukiweka kamba ya mbuzi, usimlaumu fahali.

Sasa tufike kwenye namba.

Kamati ya hafla ilimpa kazi ya kuhesabu Prudencia, mtunza stoo. Prudencia alianza mwaka 1999 akiuza nati juu ya gunia nje ya geti letu, na hakuna aliyemfundisha hesabu isipokuwa nati zenyewe. Kwa bahati mbaya ya Fundi Shimba, ndiye pia anayeandika wasifu huu. Alipitia madaftari ya kazi 41. Hadi tarehe 19 Januari, Fundi Shimba alikuwa amefunga klachi 2,316. Zilizorudi na ugonjwa uleule: moja.

Kamati haikuifurahia moja hiyo. Ilikwisha kuamua ngao ya zawadi iandikwe “Iliyorudi: hakuna”, na mchongaji alitaka maneno ifikapo Jumatano ya tarehe 21. Fundi Shimba aliunga mkono kamati kwa moyo wote. Alisema ile moja si yake, ni ya stoo, na imeandikwa. Ni kweli imeandikwa. Daftari la mwaka 2014, Agosti, kwa mwandiko wake mwenyewe: “Kosa la stoo.”

Ilikuwa hivi. Mwanasheria mmoja kijana, Jovinary, alileta Subaru yake ya turbo ikiteleza klachi. Pleti iliyochakaa ilikuwa na namba inayoishia na herufi R. Hiyo ndiyo ya turbo, upana milimita 230. Ipo dada yake, ya gari la kawaida, namba ileile ila inaishia na L, milimita 225. Prudencia aliisoma pleti, akaandika R kwenye kipande cha boksi, akakitoa kwenye dirisha la stoo. Fundi Shimba akakichukua, akapiga simu Dar mwenyewe. Mzigo ulipofika aliupokea mwenyewe stendi ya basi, na haukupita dirishani. Aliifunga pleti siku hiyohiyo kwa sababu Jovinary alikuwa na haraka. Ilikuwa L. Iliingia, ikakaa, ikakubali. Milimita tano si kitu, mpaka umpe fahali.

Fahali alipewa Jumamosi, Kigongo, enzi za kivuko. Jovinary alikuwa anakwenda Kamachumu kupeleka mahari pamoja na baba zake wadogo wawili. Kwenye ule mteremko wa kupandia kivuko gari lilisimama, likaunguruma, likatoa moshi unaonuka, na halikusogea hata hatua. Mchungaji mmoja wa ng'ombe, Ngosha, akapita na wanyama wake akasema, “Bwana, hiyo redio yako ina magurudumu?” Watu wakalisukuma kando. Fundi Shimba alifuata kwa pikipiki na mfuko wa spana, akatazama, akavua kiatu, akakivaa tena. Wazee walikwenda Kamachumu ndani ya lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha ndizi sokoni. Mahari ilifika inanukia ndizi. Wakwe wakasema angalau anajua desturi, na binti yao, Leonsia, akaolewa. Leo amekaa meza ya tatu, anacheka.

Jumatatu iliyofuata pleti ya R ilifungwa na pleti ya L ikatundikwa kwa waya juu ya dirisha la stoo. Imekaa pale miaka kumi na moja na miezi mitano. Kila mteja mgeni aliuliza ni ya nini, na kila mara sauti ya Fundi Shimba ilitoka chini ya gari fulani: “Hiyo ni kumbukumbu ya siku stoo ilipojifunza kusoma!” Prudencia alihesabu mara 300, halafu akaacha kuhesabu. Kwa wanaomfahamu, hilo ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika wasifu huu.

Lazima tuseme ukweli kuhusu herufi hizo mbili. Fundi Shimba ni Msukuma wa Misungwi. Prudencia ni Mhaya, ambaye asubuhi ya uchaguzi aliaga anakwenda kupiga kula, na Fundi akamuuliza chakula gani hicho kinachopigwa. Katika nyumba kama hii R na L hazina mwenyewe. Ndiyo maana baada ya Kigongo Fundi Shimba alitunga kanuni: R ni ya Rose, mkewe. L ni ya Leonsia. Tangu hapo oda zote zikaandikwa na stoo, na kanuni ikabaki bila kujaribiwa.

Mpaka Jumanne ya tarehe 20, siku moja kabla ya mchongaji. Nani aliingia getini? Jovinary, Subaru ileile, sasa ina viti vya watoto watatu nyuma. Ile pleti ya R, baada ya miaka kumi na moja ya kazi ya halali, ilikuwa imefikia dagaa. Fundi Shimba akatangaza kwamba klachi yake ya mwisho ataifanya peke yake, kuanzia jeki mpaka oda, na stoo ipumzike. Akatuma Dar ujumbe wa sauti. Jibu likaja kwa maandishi, Gladness, fundi wetu wa rangi, akalisoma kwa sauti: “Mzee shikamoo. Hiyo ya L ipo. Ila Lose ndiyo nani?”

Fundi Shimba aliwaka. Alisema watu wa Dar masikio yao yameziba kwa kelele. Ili kutuonyesha, akaongeza sauti ya simu hadi mwisho na kuupiga ujumbe wake mbele ya karakana nzima. Simu ikasema, kwa sauti yake, safi, bila mkwaruzo: “Mwisho ni ala. Ala ya Lose.”

Gladness aliweka brashi chini akacheka mpaka akashika ukuta. Tulicheka wote. Fundi akaupiga tena. Tukacheka kidogo. Alipoupiga mara ya tatu alikuwa ameketi juu ya tairi, kiatu kimoja mguuni, na hakuna aliyecheka.

Kisha akaja dirishani. “Mama,” akasema, “hebu nipe daftari la mwaka 2014.”

Alilifungua mwenyewe. Akakata neno “stoo”, akaandika “Shimba”, akaweka tarehe. Halafu akapanda juu ya pipa, unyayo mtupu upande wa kushoto, akafungua waya na kuishusha ile pleti. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kumbe Rose amekuwa akiitwa hivyo miaka yote, na hajawahi kulalamika.

Oda iliandikwa na stoo. Pleti ilifika Ijumaa, ikapita dirishani, ikapimwa mara tatu: 230. Ukoo mzima ukabadilishwa, na Jumamosi Fundi na Jovinary wakaenda hadi Kigongo, wakapanda darajani, wakageuka ng'ambo na kurudi. Klachi ilishika bila kuteleza. Hiyo ni klachi ya 2,317.

Ngao mtakayoiona leo imeandikwa: “Klachi 2,317. Iliyorudi: 1.” Mchongaji alitaka kuifanya ile moja iwe ndogo kidogo. Fundi Shimba akakataa, akasema ilingane na nyingine. Moja kwa 2,317 ni asilimia 0.04. Prudencia amepiga hesabu hiyo mara mbili akitafuta mahali pa kulalamika, hakupaona.

Ushirika unamshukuru kwa mafundi kumi na wanne aliowafundisha, wawili wakiwa wanawake, na kwa wateja walionuna wakarudi na soda. Tunamshukuru Rose kwa uvumilivu, kwa jina lolote analoitikia.

Pleti ya L anaondoka nayo. Juu ya dirisha la stoo limebaki duara safi ukutani. Tumelipima, ni milimita 225, na tumekubaliana pasipakwe rangi.

Nenda salama Misungwi, Fundi, maisha yawe mema na klachi isiteleze. Ukitaka kutusalimu, piga simu wakati wowote. Ukitaka kipuri, andika.