Hedifoni Feki za Mtu wa Ukoo Wetu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naona wengine mmeanza kucheka hata kabla sijafungua mdomo. Najua ni hii kitu nimevaa juu ya kitambaa. Mmeniona hapa sokoni Kathonzweni nikitembea nikiongea peke yangu, na kuna mama mmoja, simtaji, alimvuta mume wangu kando akamwuliza kama niko sawa. Niko sawa. Ila nimetoka mbali, na leo nimeombwa niwaeleze.

Mnakumbuka nilikuwa nanunua ndengu kwa wakulima na kuziuza. Halafu mgongo ukaniangusha. Daktari akasema gunia nisiinue tena, hata debe nisijaribu. Ndugu zangu, nawaambia, kukaa ukimwangalia mtu mwingine akikuchotea maji ni mateso. Nilikuwa nalia mchana peupe.

Mungu akanifungulia mlango. Kampuni fulani ilitafuta watu wanaojua Kikamba vizuri wapokee simu za wakulima wa Kitui na Makueni. Mtu anauliza habari ya mbegu, wadudu, ugonjwa wa mbuzi, na wewe unamjibu ukiwa kwako. Nikachukuliwa kwa majaribio. Wakasema nijinunulie hedifoni zenye maiki, zile zinazopunguza kelele. Mimi nikataka zisizo na waya, maana huu mgongo hauniruhusu kukaa sana bila kuinuka. Na kelele ndiyo tuko nayo kwetu, si mnajua tumepakana na mashine ya kusaga unga.

Nikaingia mtandaoni. Nikapata ukurasa wenye picha nzuri ajabu, nikamwandikia muuzaji, naye akanijibu kwa Kikamba. Kikamba safi! Sasa nikafanya lile tunalofanya sisi sote tukikutana na mtu wa kwetu ugenini: nikamwuliza ukoo wake. Na kabla hajajibu, nikamtajia wangu.

Akaniandikia, "Haki mathe, hata mimi ni wa huo huo! Sasa nitakuuzia feki aje na wewe ni mama yangu?"

Mnacheka. Mngekuwa nyinyi je? Nilituma pesa hapo hapo. Hata kuuliza swali lingine niliona aibu. Mtu wa ukoo wako utaanzaje kumdai risiti?

Mzigo ukafika, nikaanza kazi. Sauti ya mkulima ilinijia kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi, na yeye upande wake hakunisikia mimi, alisikia mashine ya unga. Akaniuliza, "Mama, uko ofisini ama umepeleka mahindi?" Akakata. Wa pili naye akakata. Kuna mama alikuwa anaeleza habari ya mbuzi wake, nikamwambia arudie, arudie, mpaka akanitukana. Sikumlaumu.

Msimamizi wangu, msichana mwenye adabu sana, akanipigia. "Mama, wakulima wanalalamika. Nimekuombea wiki moja. Baada ya hapo sitaweza kukutetea."

Jioni hiyo mimi na mume wangu tuliomba. Nilipofungua macho, zile hedifoni zilikuwa mezani mbele yangu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza niziangalie kweli. Nikasikia kitu kinanikuna moyoni, si uchungu tena, ni hamu ya kujua. Hii kitu ni nini hasa? Imetoka wapi?

Wapendwa, mimi ndengu za ndugu yangu wa tumbo moja sikuwahi kununua kwa kuangalia juu ya gunia. Mkono wangu ulikuwa unaenda mpaka chini, kwa sababu juu ndiko huwekwa zile nzuri. Nazinusa, nazimwaga kiganjani, nauma moja. Lakini hizi nilinunua kwa picha na ukoo!

Basi nikaanza kuzichunguza. Nikaziinua, zikawa nyepesi kama gunzi. Maandishi ya kwenye boksi nikayasugua kwa kidole, yakatoka. Nikaziunganisha na simu, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile la kwenye boksi. Nikaweka ile programu ya kampuni inayozitengeneza, ikasema haizitambui. Kila nilipogusa nikapata kitu kingine, na nawaambia ukweli, nilianza kufurahia. Mume wangu akauliza, "Umeibiwa na unacheka?"

Nikampigia rafiki yangu, mwalimu kule Sultan Hamud, kwa sababu alikuwa na za aina hiyo hiyo. Kumbe yeye alinunua kwa ukurasa tofauti kabisa. Nikamwomba anisomee namba iliyo chini ya boksi lake. Akasoma. Nikamwambia asome tena, polepole.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo namba si ni kama ya kitambulisho, kila moja na yake? Mbona mimi na wewe tuko na moja?"

Akasema, "Woi! Kwani hata zangu?" Tulicheka mpaka mgongo ukanikumbusha niache.

Nikamrudia yule mtoto wa ukoo wetu. Sikumtukana. Nilimwuliza tu, kwa upole, ukoo wetu una mwiko gani wa chakula, kitu ambacho kwetu hata mtoto mdogo anakijua. Akanitumia tu kile kipicha cha kidole gumba. Nikamwuliza tena. Akanifungia, nisiweze kumwandikia. Hizo pesa sijaziona mpaka leo.

Sasa ilibidi ninunue nyingine, na siku zinakwisha. Safari hii nilitafuta kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, wanaonyesha maduka wanayoyajua. Maoni ya wateja nikayasoma kuanzia kwa wale waliokasirika, si wale wa kusifu, na nikaangalia picha walizopiga wenyewe nyumbani. Nikachagua duka linalokubali ulipe ukishapokea na kuangalia. Aliyeniletea mzigo alisimama pale akipiga miayo huku nikifungua, nikisugua, nikisoma namba. Mwishowe nikamwambia twende pamoja mpaka mlangoni kwa mashine ya unga. Nikavaa. Mashine inanguruma, unga unaruka, na masikioni mwangu kelele imeshuka mpaka imekuwa mnong'ono. Nikampigia mwalimu. Akaniuliza, "Uko kanisani?" Nikalipa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu, na yule msichana aliyenitetea kwa wakubwa wake, na mume wangu, ambaye siku hizi anapika chai bila kugonga sufuria nikiwa kazini. Na nyinyi vijana, mama zenu wakiwauliza kitu kwenye simu mara ya tatu, msigune. Wapendwa, kumpenda mtu wa kwetu ni vizuri, lakini uliza. Uliza namba, uliza duka, uliza hata ukionekana msumbufu. Kuuliza si kumkosea mtu heshima.

Niwape moja tu niketi. Wiki hiyo hiyo ya mwisho, alinipigia mzee mmoja kutoka upande wa Kitui. Alikuwa amepanda kabla ya mvua, mvua imekataa, sasa anataka kujua kama afukue aokoe mbegu iliyobaki. Alikuwa anaongea chini chini, ile sauti ya mtu aliyechoka. Na mimi nikasikia kitu nyuma yake. Kidogo sana, tik, tik, halafu nyingi.

Nikamwambia, "Baba, samahani. Hapo ulipo, kuna mabati juu yako?"

Akasema, "Yapo. Kwa nini?"

"Hebu nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Mimi huku nimesimama juani, nimeshika hizi hedifoni kwa mikono miwili. Nikasikia kiti kikianguka, nikasikia mlango, halafu nikamsikia mzee wa watu, huko nje, akimwita mke wake kwa jina.