Mlinzi wa Brannigan

Katika basi la Cleveland, mzee aliyevaa juu ya koti jezi ya Brannigan, mrushaji mpira wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji huo, alikuwa akibishana na mama asiyemjua.

“Tuzo ya mchezaji bora ni ya Brannigan, mama. Nani mwingine anarusha mpira vile?”

“Tolliver wa Denver. Huyo wako tangu Novemba anaangushwa kama gunia.”

“Ni kwa sababu ya walinzi wake wazembe! Hasa yule Lattimore, aliyejilaza akishika goti. Tulimzomea uwanja mzima.”

“Nilisikia. Ni mwanangu.”

Mzee alivua kofia, ingawa ndani ya basi hakukuwa na joto.

Kila Krismasi mrushaji huwapa zawadi walinzi wanaomkinga asiangushwe. Mama alipandisha mkono wa sweta, ikaonekana saa kubwa ya kiume. “Hii Brannigan alimpa mwanangu. Naye mwanangu akanipa mimi.”

“Kumbe Brannigan ni mtu mwema.”

“Mwema sana. Ila tuzo si yake.”

Basi lilisimama mbele ya hospitali, mama akashuka.

“Mama, mwambie kijana…” mzee alianza. Mlango ulifungwa kabla hajajua amwambie nini.