Bi Ummkulthum na Rufaa ya Mama wa Vitongoji

Tarehe 30 Juni 2019, Bi Ummkulthum Nyange anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Chake Chake kwa miaka thelathini na mitatu akiwa afisa ustawi wa jamii.

Alianza kwa baiskeli, akaja kupewa vespa. Ofisini ni mpole kupita kiasi, lakini uwanjani Gombani hakuna refa aliyesalimika na ulimi wake.

Kati ya kazi zake zote, ya Mwanawema ndiyo tunayoisimulia zaidi. Mama huyu wa Vitongoji alipatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, akawa anamwacha mwanawe Nihal peke yake ndani. Bi Ummkulthum alitoa ushahidi, na mahakama ikamwondolea Mwanawema haki za mzazi. Mtoto akapewa Bi Afra wa Tibirinzi amlee.

Mwanawema alitibiwa, akapona, akaja ofisini. Hakuja kulalamika. Aliuliza tu kama mwanawe ameota meno.

Bi Ummkulthum akamtafutia wakili, na rufaa ikakatwa. Shauri liliposikilizwa, alisimama tena kizimbani, safari hii upande wa mama. Wakili wa upande wa pili akamuuliza alisema kweli lini, siku ile au leo.

"Siku zote mbili," akajibu. "Siku ile alikuwa mgonjwa, leo kapona."

Rufaa ikashinda. Lakini Nihal, aliyekwishatimiza miaka mitatu, alipomwona mama yake alikimbilia nyuma ya Bi Afra. Wengi wetu tungefunga jalada na kumwachia Mungu. Bi Ummkulthum akawa anampeleka Mwanawema Tibirinzi kila Ijumaa, amsuke mtoto nywele huku Bi Afra, na uchungu wake moyoni, kampakata.

Asubuhi moja Mwanawema aliingia ofisini mbio, hata salamu akasahau. "Bi Kulthum, kaniita mama!" Bi Ummkulthum alilia mpaka miwani ikamtoka. Siku hiyo kazi haikufanyika.

Leo Nihal anaishi na mama yake na anasoma Vitongoji, na skuli zikifungwa huenda kukaa kwa Bi Afra.

Ahsante, Bi Ummkulthum, kwa subira uliyotufundisha. Tunakuombea afya, baraka, na usingizi wa mchana usiokatizwa na hodi za watu. Watapiga hodi hata hivyo, na sisi tunakujua: utawafungulia.

Hafidh Bakar, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako