Dada wa Kola

Kwenye basi la asubuhi, mwanamke mshona kola alimtambua mwanamume aliyekaa kando yake kuwa mshonaji, kwa futi ya kupimia aliyoivaa shingoni.

"Kaka, kiwandani kwenu kola zinalipa?"

"Zinalipa. Ni kazi ya fundi hiyo." Akataja mshahara wake, karibu mara mbili ya ule wa mwenzake.

"Mbona mimi nashona kola hizohizo?"

"Wanakuitaje?"

"Dada wa kola."

"Ndiyo hapo sasa. Dada anasaidia, fundi analipwa. Ungeomba uitwe fundi."

"Niliomba. Bosi akaniuliza mume wangu anafanya kazi wapi."

"Lakini fundi ana familia, dada yangu."

"Kwani mimi nalea paka?"

Basi lilipunguza mwendo karibu na kiwanda cha mwanamke.

"Dada, unashuka?" kondakta aliuliza.

"Fundi anashuka."

Kondakta alifungua mlango. Kwake, dada au fundi, nauli ilikuwa ileile.