Chumba cha Uani cha Bi Mwanaheri

Mwaka ule wa hamsini na tatu Sumbawanga ilikuwa mji wa mtaa mmoja na nusu, na hiyo nusu yenyewe ilikuwa upepo. Wewe mtu wa pwani usije ukanisimulia habari za baridi. Baridi ilikuwa hapa, mwezi wa saba, asubuhi, mbele ya duka la Hamis, kwenye benchi ambalo Alfonsi seremala alilichonga mwenyewe kisha akalikalia kuliko mtu yeyote. Hapo ndipo walipokutana kunywa kahawa ya Muhidin. Alikuwapo Kornel, tarishi wa boma, waliyemwita Gazeti kwa kuwa alijua yaliyomo kwenye barua za Bwana Disii, mkuu wa wilaya, kabla mwenyewe hajazifungua. Alikuwapo Eustaki, aliyepigana vita vya Mwingereza huko Bama, akarudi na mguu wa kuchechemea na jina hilohilo la Bama. Na Alfonsi mwenyewe walimwita Dasalama, maana alikaa huko miaka mitano, na kusema kweli alikuwa bado hajarudi vizuri. Siku hiyo alikuwa na barua mfukoni. Lori la Tunduma lilikuwa linaondoka saa nne, na barua ilitaka jibu.

— Isome tena, — alisema Gazeti.

— Nimeshaisoma mara tatu.

— Mara tatu ulisoma kama unamsomea padri. Soma kama mwanamume.

Alfonsi akaifungua. "Bwana Alfonsi, salaam. Chumba chako cha uani kiko wazi. Bibi amesema asipewe mtu mpaka wewe ujibu. Ukija, njoo kabla mwezi haujaandama. Mimi Halfani, mjukuu wake."

— Basi? — Bama aliuliza.

— Basi.

— Lo! Dasalama yote ile, watu wanalala barazani kwa kukosa vyumba, halafu chumba kinamsubiri Mfipa! Hapo pana jambo.

— Tena wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo, — alisema Gazeti. — Wewe hupo, na lako lipo. Sasa ama wahenga waongo, ama Halfani.

Alfonsi aliikunja barua. Nyumbani mkewe Kristiana alikuwa ameshamwambia tangu jana: "Amua, mume wangu. Tufungashe au tupande maharage?" Na yeye akatoka, akaja hapa kutafuta akili kwa watu ambao, Mungu awarehemu, hawakuwa nayo.

— Chumba chenyewe kikoje? — aliuliza Muhidin, akimimina.

Ah! Hapo ndipo walipomgusa. Alfonsi alishika kikombe kwa mikono miwili, na uso wake ukalainika.

— Kidogo, — alisema. — Kitanda kikiingia, wewe unabaki mlangoni unaomba njia. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na kuta hazikufika juu. Ukikohoa cha kwanza, cha sita wanakwambia pole. Mke wa mtu akimnunia mumewe, nyumba nzima tunalala tumenuna. Asubuhi Zaitun wa chumba cha pili anakaanga vitumbua, na harufu inapita juu ya kuta zote sita. Joto sasa! Unalala na dirisha wazi, bila blanketi, mwezi wa saba!

— Bila blanketi! — Bama alijikunyata ndani ya koti lake la jeshi.

— Na matuta je? — Gazeti alicheka. — Waeleze ya matuta.

Walikuwa wanayajua, lakini hadithi nzuri haichoshi. Siku aliyohamia, Bi Mwanaheri mwenye nyumba alimwambia, "Mwanangu, chumba ni chako, na uwa ni wetu sote." Naye Alfonsi, mtoto wa Ufipa, akaona nyuma ya uwa kipande kimeota majani, kimekaa tu. Kwetu ardhi yenye majani ni aibu ya mwenye nyumba. Bi Mwanaheri alipokwenda harusini, akaazima jembe, akayafukia majani yote kama alivyofundishwa na baba yake, akainua matuta saba ya duara, mazuri, yamejipanga. Alitaka kumfurahisha. Bibi aliporudi akaona makaburi saba.

— Alipiga yowe, — alisema Alfonsi, — mpaka mtaa wa pili wakaja na majamvi ya kukalia matanga! Kuna mzee alianza kabisa kusoma dua.

Wote walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alfonsi naye alicheka, ila machozi yalimlengalenga, na hakujisumbua kuyaficha.

— Maharage yalipoiva tulikula nyumba nzima. Tangu hapo aliniita mwanangu wa makaburi. Nilipougua homa, siku tisa alininywesha uji kwa mkono wake. Mimi Mkristo wa bara, yeye hajui hata Ufipa iko wapi. Alidhani ni ng'ambo.

— Basi nimeelewa, — alisema Gazeti. — Serikali inataka kupitisha barabara pale. Nyumba yenye mpangaji wa mbali haibomolewi mpaka apatikane. Kumtafuta mtu Ufipa ni miaka mitatu! Bibi ana akili.

— Akili gani? — Bama alidakia. — Chini ya ile nyumba Mjerumani aliacha mzinga. Bibi anataka mtu wa kuuchimbua usiku bila kelele. Pwani nzima nani anajua kuchimba kama huyu? Kikulacho ki nguoni mwako. Ukienda, Alfonsi, usivae koti.

— Nyie wote wajinga, — alisema Muhidin. — Yule mama anakupenda.

— Ana miaka sabini na ushei! — Alfonsi alipinga.

— Mapenzi hayana cheti cha kuzaliwa.

— La, la, la! — Gazeti alisimama. — Malkia mpya amekaa kitini juzijuzi. Mtu akipata kiti lazima ahesabu vyumba vyake. Kila kabila litatakiwa lioneshe chumba kimoja Dasalama. Wafipa chumba chetu ndicho hicho! Usipokwenda, Alfonsi, umetukosesha kabila zima!

Wakati huo mama mmoja alikuwa ametua gunia la maharage kando ya benchi. Alijitaja kuwa Silvana, ametoka Chala, anangoja lori hilohilo. Aliwasikiliza kwa adabu, mikono kifuani kwa baridi, mpaka Gazeti alipopumua.

— Samahani, baba zangu, — alisema. — Huyo bibi mwenye nyumba, yeye mwenyewe hajambo?

Gazeti aliketi. Bama akatazama mguu wake. Muhidin aliinua birika, akakuta hana wa kumiminia, akalirudisha kwenye makaa.

Alfonsi aliigeuza barua. Nyuma hapakuwa na kitu. Siku simu ya kifo cha baba yake ilipomfikia huko Dasalama, alikimbilia gari moshi la mchana, na bibi alikuwa Kisarawe msibani. Ufunguo alimwachia Zaitun. "Mwambie nitamwandikia nikitulia," alisema. Miaka minne alitulia. Hakuandika hata mstari wa kuuliza umeamkaje. Na leo tangu alfajiri amejadili dirisha, kuta na kitanda cha mtu aliyemnywesha uji, na mgeni wa Chala ndiye amemjulia hali.

Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni.

— Sijui, mama, — alisema. — Sijui kama yu hai.

Akasimama, akavuka barabara mpaka kwenye lori. Dereva alikuwa anafunga turubai.

— Nafasi ngapi, Dasalama? Wewe na mama watoto?

— Moja, — alisema, akawageukia wa benchini. — Kristiana mwambieni apande maharage.

— Ala! — Gazeti alipaza sauti. — Unakwenda kupanga chumba peke yako?

— Siendi kupanga, — alisema Alfonsi, akiweka mguu juu ya gurudumu. — Nakwenda kumwamkia.